Kidole cha Marehemu Mwanaidi

Mwanzoni mwa vuli, asubuhi ya Jumatatu, Mwamvua alikuwa anafua kwenye mfereji mjukuu wake Salima aliposimama, akaachia ukingo wa beseni, akapiga hatua nne za kwanza za maisha yake. Alizipiga kwenye lile tope jeusi la ukingoni, ambalo hata kunguru akitua linamchora vidole vyote. Mwamvua akapiga makofi, kisha akainama kutazama. Tope lilikuwa sawasawa, kama uji uliopoa. Mtoto hakuacha alama hata moja.

"Na huyu naye," akasema, akaendelea kukamua nguo.

Haikuwa habari mpya. Watu wa kitongoji cha Mtondooni walikuwa hawaachi nyayo tangu mwezi wa saba. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Ushirika umekufa, maduka yamejaa mitumba na redio, na kila baada ya wiki chache mtu mwenye viatu vya ngozi alikuja kupima kitu. Ijumaa moja, baada ya sala, Nassibu, mwenyekiti wa kitongoji, aliwasomea karatasi. Ilisema kwamba msitu wa Mtondooni, toka chemchemi hadi mwisho wa mfereji, umekabidhiwa kampuni ya mbao, kwa kuwa ni eneo lisilo na wakazi, lenye nguruwe pori, nyani na ndege wa aina mbalimbali. Ilipofika Jumapili, nyayo za watu zikakoma. Nguruwe pori, nyani na ndege waliendelea kuacha zao, maana walikuwa wameandikwa.

Watu walizoea. Shaban, aliyekuwa na tabia ya kufuatilia nyayo za mkewe, aliacha wivu kwa kukosa ushahidi. Njia ya kwenda mashambani ilianza kuota majani katikati, kwa sababu haikanyagiki, na walioelekea huko waliitana kwa sauti wasipotezane. Kwa watu wazima ilivumilika. Lakini mtoto ambaye hajapata kuacha hata alama moja juu ya ardhi, Mwamvua aliona, hilo ni jambo jingine.

"Alhamisi nakwenda Kibiti," alimwambia Yasmin, mama yake Salima.

"Kufanya nini, mama mdogo?"

"Kuwaambia tupo."

Yasmin alikuwa mtoto wa marehemu Mwanaidi, dada yake Mwamvua. Mwanaidi alifariki Yasmin akiwa na miaka minne, na Mwamvua ndiye aliyemlea, akamsomesha hadi darasa la saba, akamwoza kwa mtu wa Umwe; tangu alipokuja kujifungua, Yasmin alikuwa bado nyumbani kwa mama mdogo.

Alhamisi aliondoka baada ya sala ya alfajiri. Mvua ilikuwa imepita jioni ya jana yake, na mfereji ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Aliufuata kwa saa nzima, mpunga upande huu, mianzi upande ule, mpaka akaingia msituni. Miti ya mkongo ilikuwa inaangusha maganda yake, na mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu zilitapakaa njiani. Kila mti mkubwa ulikuwa umepakwa namba kwa rangi nyeupe. Mti uliofunika kaburi la mama yao, yeye na Mwanaidi, ulikuwa namba mia na kumi na mbili.

Chini ya miti hiyo marehemu walikuwa wanazibua mfereji. Huja kila mwanzo wa vuli, kabla maji hayajajaa, kwa kuwa wao ndio waliouchimba kwa majembe mwaka sabini na nne, na hawamwamini mtu mwingine kwa kazi hiyo. Desturi ni kwamba aliye hai husalimu na kupita. Mwamvua akasalimu. Wakaitikia, isipokuwa Mwanaidi, aliyesimama kwenye maji hadi magotini, kanga ameifunga kiunoni, akimtazama.

"Bado unatembea kama unafukuzwa," Mwanaidi alisema.

"Nina safari, dada."

"Mwanangu umemwoza Umwe. Huko hata mfereji hawana."

Mwamvua akapita. Maneno hayo alikuwa anayasikia kila vuli.

Ofisi ya mradi wa mbao ilikuwa nyuma ya soko la Kibiti, chumba kimoja chenye feni na kabati mbili. Karani aliitwa Abdulatifu, mtu mpole, shati lake limepigwa pasi vizuri. Alimwamkia, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akaandika malalamiko kwa mwandiko mzuri, akasogeza kibweta cha wino.

"Weka dole gumba hapa, mama."

Mwamvua aliweka. Karatasi ikabaki nyeupe. Akaweka tena, akakandamiza mpaka meza ikalia. Hakuna kitu. Wino ulikuwa umemjaa kidoleni, lakini karatasi haikuuchukua.

"Watu wa kule wote ndivyo walivyo," Abdulatifu alisema kwa upole. "Mimi nakuona, mama. Karatasi ndiyo haikuoni. Na bila dole siwezi kupokea."

"Sasa nifanyeje?"

Abdulatifu alifikiri. Alifungua kabati ya pili, ile iliyotoka ofisi ya ushirika ilipofungwa, akatoa daftari kubwa lililoliwa na mchwa pembeni. Lilikuwa daftari la mfereji. Kila aliyechimba alikuwa ameandikwa jina, na mbele ya jina ameweka dole.

"Ungekuwemo humu ningekupokea. Hili halijafutwa."

Mwamvua hakuwemo. Msimu ule alikuwa ameolewa Ikwiriri, na kati ya waliochimba hakuna aliyebaki hai. Lakini kwenye ukurasa wa tatu aliliona jina la Mwanaidi, na dole lake pana, lenye kovu la kisu cha nazi katikati.

"Huyu je?" aliuliza.

"Yuko hai?"

"Hapana."

Abdulatifu alipekua ukurasa mbele na nyuma. "Daftari halisemi kuwa amekufa," alisema. "Mlete."

Jioni, akirudi, Mwamvua hakuwapita marehemu. Alivua ndala, akaingia kwenye maji, akasimama karibu na dada yake.

"Nakuomba twende wote Kibiti."

Mwanaidi aliendelea kuzoa tope. "Unajua jua linavyotufanya."

Mwamvua alijua. Marehemu akitoka kwenye kivuli cha msitu hukauka kama jani la mgomba, huanza kwenye vidole na kupanda.

"Salima amesimama Jumatatu," alisema. "Hatua nne. Hakuna hata moja iliyobaki."

Mwanaidi aliacha jembe.

"Salima nani?"

"Mtoto wa Yasmin. Ana miezi kumi na moja. Ana paji lako, na ubishi wako."

Mwanaidi alinawa tope mikononi. Marehemu wenzake nao walikuwa wamesimamisha kazi, wamejishughulisha na kutazama pembeni.

"Beba maji mengi," Mwanaidi alisema.

Alhamisi iliyofuata Mwamvua alibeba dumu la lita ishirini la maji ya mfereji. Barabara toka mwisho wa msitu hadi Kibiti ni mwendo wa saa mbili kwa aliye hai. Wao walitumia nne. Kila baada ya hatua mia Mwanaidi alisimama, akainama, na Mwamvua akammiminia maji kichwani mpaka ngozi ikarudi kulainika. Mwanaidi aliacha nyayo vumbini, nzito, zenye maji, na Mwamvua akatembea nyuma yake akikanyaga humo humo. Karibu na kituo cha mafuta, mkono wa kushoto wa Mwanaidi ulianza kupasuka. Mwamvua aliufunga kwa mtandio wake.

"Turudi, dada."

"Nimeomba kurudi mimi?"

Sokoni watu waliwapisha. Mwuza vitumbua mmoja aliyemfahamu Mwanaidi enzi zake alimpa pole ya safari.

Abdulatifu alisimama walipoingia. Akazima feni, maana upepo unakausha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Wewe ni mkazi wa Mtondooni?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa. Na nimezikwa huko huko."

Abdulatifu aliandika: mkazi wa kudumu. Mwanaidi akaweka dole, pana, lenye kovu katikati, na wino ukashika. Karani akalilinganisha na lile la daftari, akapiga mhuri, akampa Mwamvua nakala. Mwamvua aliikunja mara nne, akaitia ndani ya pindo la kanga. Akammiminia dada yake maji yaliyobaki, wakaondoka. Sehemu ya mwisho, kabla ya msitu, alimbeba mgongoni. Hakuwa mzito. Njiani Mwanaidi alimwuliza Salima anapenda kula nini, na wakaongea habari za Yasmin hadi kivulini, bila kuitaja Umwe.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu. Nassibu alilisoma baada ya sala ya Ijumaa, kwa sauti ile ile aliyosomea karatasi ya kwanza. Lilishukuru kwa taarifa. Lilisema imethibitika kwamba eneo lina mkazi mmoja, ambaye ni marehemu; kwamba marehemu hahitaji kuhamishwa wala kupewa kiwanja kingine; na kwamba kazi iendelee kama ilivyopangwa.

Ikaendelea. Malori yaliingia Jumanne. Mti namba mia na kumi na mbili uliangushwa kabla ya adhuhuri, na aliyeukata aliomba radhi kwa Mwamvua, aliyekuwa amesimama pale na nakala yake mkononi. Chemchemi ikaanza kupungua. Marehemu walihamisha kazi upande wa ndani zaidi, kwenye miti iliyokuwa haijafikiwa.

"Mkazi mmoja," Mwamvua aliwaambia, amesimama kwenye maji. "Wamekubali mmoja. Daftari lina majina thelathini na saba."

Marehemu walitazamana. Swalehe, aliyekuwa msimamizi wao wakati wa kuchimba, aliuliza kama kuna madumu ya kutosha.

Alhamisi ile walikwenda sita. Iliyofuata walikwenda kumi na moja, na Yasmin na Shaban wakasaidia kubeba maji. Malori yenye magogo yaliwapita barabarani, na madereva walipunguza mwendo ili wasiwatimulie vumbi. Abdulatifu aliandika malalamiko ya kila mmoja kwa mwandiko mzuri, akagonga mihuri, akayapeleka panapohusika, na kila mmoja akajibiwa kwamba yeye ni mkazi mmoja.

Mwezi wa kumi na mbili walikuta ofisi imeongezewa benchi nje, chini ya paa jipya la makuti, na pembeni yake pipa lililojaa maji na kata. Juu yake palikuwa na kibao: MAREHEMU, ALHAMISI TU. Marehemu walikaa, wakasogeleana. Mwamvua aliuliza nani wa kwanza, akashika kata, akaanza kumimina.