Vyura Wapo Tele

Nafasi ilikuwa moja tu. Kamati ilikaa Tanga mjini kuchagua kiumbe mmoja wa misitu yetu, jina lake lipelekwe serikalini alindwe kisheria. Mimi nilikwenda na chura wangu. Ni mdogo kama ukucha wa dole gumba, hatagi mayai bali anazaa, na sisi watafiti tumemwona kwenye kijito kimoja tu, milimani juu ya Muheza. Kijito chenyewe kimevamiwa na wachimba dhahabu. Chura akipita, wao wanaondolewa.

Niliposema "chura", wajumbe walicheka. Mwenyekiti, Bwana Idarusi, akauliza kama nimekosa kabisa mnyama wa maana. Nilikasirika mpaka masikio yakaniwaka. Mshindani wangu alikuwa ndege, chozi mwenye kifua cha kung'aa, na picha yake ilijaa ukuta mzima. Chozi huyo mimi nimemkuta hata kwenye maua ya michungwa kando ya barabara.

Nikamwita shahidi wangu, mzee Methusela. Kijiji chake kinakunywa maji ya kijito kile, na siku hizi kinakunywa tope. Alikuja amevaa koti lake la kanisani.

"Shikamoo mzee," Idarusi alisema. "Huko kwenu vyura wapo?"

"Marahaba. Wapo tele, bwana! Mvua ikinyesha hatulali kwa kelele zao."

"Si hao, baba," nikadakia. "Namaanisha yule..."

Nikakwama. Yule nani? Kwa Kiswahili huyu wangu ni chura, na yule wa kwenye mtaro wa Ngamiani, hapa mjini, naye ni chura. Jina la kitaalamu ninalo, lakini mzee hajawahi kulisikia.

"Dada Leticia, usimlishe shahidi maneno," Idarusi alisema, akampa chura wangu alama sifuri kwenye kipengele cha uhaba. Chozi akapita bila kupingwa. Wakapiga makofi, wakaenda kula biriani.

Nje, mzee Methusela alinishika mkono, uso umemchangamka.

"Nimesema vizuri, mwanangu? Nimesikia wanatupigia makofi. Niliogopa nikisema ni wachache, wataona hakuna cha kulinda."

Nilimnyoosha kola ya koti lake.

"Umesema vizuri, baba."

"Alhamdu... aa, Bwana asifiwe," akacheka. "Nimekaa sana na Waislamu. Haya, nikifika niwaambie kina mama wachimbaji wanatoka lini?"