Sheria ya Viatu Vinavyong'aa

Lenah hakuwa mtu mbaya, jamani. Kazi tu ndiyo ilimpanda kichwani. Alikuwa afisa utawala wa majaribio katika kampuni ndogo ya maji huko Njiru, na Jumatatu hiyo mkurugenzi, Bwana Mativo, alikuwa anakuja kuamua kama atamwajiri kabisa au atamwambia kwaheri. Kwenye simu alikuwa amesema neno moja: "Hakikisha watu wamevaa kiofisi." Neno hilo moja Lenah akalizalisha sheria kumi na moja, akazibandika mlangoni. Ya kwanza: kila mtu afike amevaa viatu vyeusi vinavyong'aa, la sivyo arudi nyumbani.

Sasa, mvua ilikuwa imenyesha Jumapili nzima, na udongo wa Njiru ukishika mguu hauachilii bure. Watu wakaja na gambuti, zile buti ndefu za mpira, viatu vya ofisi mkononi ndani ya mifuko, wabadilishe kwenye baraza kama siku zote.

"Hapana," Lenah akasema, amejibana mlangoni.

"Lakini madam, viatu si hivi hapa?" Mzee Wafula, msoma mita, akafungua mfuko wake. "Hata nimevipiga rangi."

"Sheria haikusema ubebe. Imesema ufike umevivaa."

"Na wewe umefikaje?"

"Kwa boda, miguu juu!"

Nekesa wa mapokezi akafyonya. Wote saba wakageuka, wakaondoka.

Saa tatu simu ikalia. Gari la Bwana Mativo lilikuwa limezama topeni hatua thelathini kutoka ofisini. "Niletee watu wasukume," akasema. Lenah akatazama nyuma. Watu gani? Viti tu.

Akatoka mwenyewe, mbio. Hatua ya kwanza salama, ya pili salama, ya tatu mguu ukatoka na kiatu kikabaki. Akainama kukitafuta, na cha pili nacho kikaenda. Bwana Mativo alikuwa anamtazama dirishani mwa gari. Lenah akaona kazi inakwenda hivyo hivyo anaiona, akatamani kulia.

Ndipo wale saba wakatokea kibandani kwa Halimo, walikokuwa wakinywa chai. Wakaingia topeni na gambuti zao, moja, mbili, tatu, gari likatoka.

"Hawa ndio wafanyakazi!" Bwana Mativo akashangilia. "Na nani huyo aliyefikiria kuwaweka nje na gambuti?"

Lenah akafumba macho. Yamekwisha, akajisemea.

"Ni madam, bosi," Mzee Wafula akasema, akijipangusa tope usoni. "Alituambia tukungoje huku."

"Basi Lenah, kazi ni yako. Barua utapata leo."

Lenah akafungua mdomo aseme ukweli, Nekesa akamfinya kiuno. Machozi yakamtoka, na Bwana Mativo akadhani ni furaha. Haikuwa furaha. Ilikuwa aibu, aibu ya kumfukuza mtu asubuhi na kuokolewa naye kabla ya saa nne.

Walipofika barazani akafungua bomba, akachukua brashi, akapiga magoti peku vile vile na kuanza kumsugua Mzee Wafula gambuti.

"Wacha, mama, wacha!" mzee akalalamika, akivuta mguu.

"Tulia, mzee wangu. Lete na wa pili."

Bwana Mativo akasimama kuangalia. "Hii nayo ni kazi ya afisa utawala?"

"Kuanzia leo, bosi," Lenah akajibu, bila kuinua kichwa.