Pembe Imekunywa Maji

"Hicho si chuma, ni kijiko," Mzee Bachis alisema, akalisukuma bapa jipya kwa ncha ya fimbo mpaka likagonga fuawe.

"Hakishiki kutu," Grassia alimjibu.

"Sufuria ya mama yako nayo haikushika kutu. Mbona hatukuikunja tukaiita kisu?"

Grassia aliuma meno. Mzee huyuhuyu, baba yake, kabla kiharusi hakijaukausha mkono wake wa kulia, ndiye aliyemfundisha kufua visu. Ndiye aliyemwambia kuwa chuma chenye makali ya kweli ni kile kinachoshika kutu, na kwamba hupanguswa kila kinapogusa kitu kibichi. Alikuwa akimchapa vidole akiacha bapa lina unyevu. Na wiki iliyopita, alipokuwa akifua suruali za baba yake, Grassia alikikuta mfukoni kisu cha mzee mwenyewe. Kilikuwa kimegandishwa na kutu, jibini kuukuu limejaa kwenye bawaba. Mkono mmoja hauwezi kushika kisu na kitambaa kwa pamoja. Kumbe majira yote ya baridi mzee alikuwa akikificha. Akiwekewa nyama nzima mezani, alisema hana njaa.

"Jumapili tunakwenda kwa Antiogu kukata kondoo manyoya," Grassia alisema. "Utakula kwa kisu chako."

"Siendi."

Mwaka jana alikwenda. Antiogu, binamu yake, alimkatia nyama vipande vidogo vidogo, akampigapiga begani mbele ya wanaume wa mji wao wa Pattada, kila mmoja na kisu chake mkononi. Bachis hakugusa hata kipande. Waliokula ni mbwa.

"Basi chagua mpini. Au na huo umekushinda?"

Hilo mzee hakuweza kulivumilia. Aliinua fimbo kwenye pembe za kondoo zilizoning'inia darini, akazipita zile nyeupe za kupendeza, akagusa moja nyeusi iliyojisokota. "Yule kondoo shetani aliyenibamiza ukutani. Amekauka vya kutosha."

Grassia aliikata pembe ile, akaipasha moto, akaibana mpaka ikanyooka. Upande wa nje aliuacha na mikwaruzo yake ili usiteleze katika mkono wa kushoto usio na mazoea. Bawaba aliilegeza kidogo. Mzee alitaka pembe ing'ae kama kioo.

"Umeiacha kama ukwato."

"Ukwato hautelezi."

"Mimi sijawahi kutoa kisu kama hicho katika karakana hii."

"Hukitoi wewe. Nakitoa mimi."

Walifokeana mpaka jirani akafunga dirisha lake.

Alhamisi alimkabidhi kisu. Mzee alikipima uzito kiganjani, akageuka, akakitumbukiza kwenye ndoo ya kupozea chuma.

"Kama hakishiki kutu, kikae humo."

"Kikae," Grassia alisema, akavua aproni.

Alijua vizuri kuwa pembe hunywa maji. Katika nyumba ile hata mtoto alijua. Ijumaa nzima alipita kando ya ndoo, na kila mkono ulipotaka kuzama ndani, aliikumbuka sura ya baba yake, akaurudisha. Kwa nini yeye ndiye ainame? Tangu mkono ule ukauke, nani mwingine aliyeinama humu ndani?

Jumamosi asubuhi alikitoa. Bapa lilimeremeta kama lilivyotoka kufuliwa. Pembe ilikuwa imevimba na kupasuka, imejing'oa kwenye misumari yake, na bapa limekwama katikati.

"Pembe imekunywa maji," mzee alisema kutoka mlangoni.

"Nani aliyeitupa?"

"Nani aliyeiacha?"

Grassia alishika nyundo bila kujua atapiga nini. Pembe zilizobaki darini zilikuwa bado mbichi. Mzee aliuburuta mguu wake mpaka kwenye fuawe, akatia mkono mfukoni, akaweka pale kile kisu chake cha kutu.

"Pembe hii imekunywa mafuta ya mkono wangu tangu hujazaliwa. Haina nafasi ya maji."

"Unataka nikivunje?"

"Nataka uache kunitazama hivyo. Gonga."

Aligonga. Misumari ikatoka. Bapa la zamani, jembamba kwa kunolewa, lilianguka sakafuni, na hakuna aliyeliokota. Kisha akaanza kulipiga tupa bapa jipya lienee katika pembe kuukuu.

"Polepole. Hupasui kuni."

"Nyamaza, Baba."



Jumapili, mavumbi ya manyoya yalipotulia na nyama ikashushwa, Antiogu alikuja na kisu chake wazi na tabasamu lake lilelile.

"Kaka Bachis, lete nikukatie."

Mzee alibana mpini katikati ya magoti, akavuta bapa kwa kidole gumba cha kushoto. Mara ya kwanza likamponyoka. Wanaume wakatazama mikate yao. Mara ya pili likafunguka.

"Mbona linang'aa hivyo?" Antiogu alicheka. "Umemwibia daktari wa meno?"

"Muulize aliyelifua. Lakini ukae mbali, anang'ata."

Alikata nyama. Alikata vibaya, vipande vikubwa vya kupinda, akala vyote vilivyokuwa mbele yake. Kisha akabaki ameshika kisu chenye mafuta, akitafuta kwa macho kitu cha kukipangusia.

"Hakuna haja," Grassia alisema kwa ukali. "Nimekuambia hakishiki kutu. Kifunge tu."

Mzee hakukifunga. Kisu kilibaki hewani, mafuta yakidondoka kwenye suruali aliyoifua binti yake.

Grassia alimega mkate. Bila kumtazama, huku bado amekunja uso, alimnyooshea, akaushika imara. Mzee akalipitisha bapa juu yake upande mmoja, taratibu, halafu akaligeuza.