Machela Isiyo na Kitako

Walioyagundua maradhi ya Akida Halfani kabla ya mtu yeyote walikuwa sisimizi. Kila alipokwenda haja ndogo nyuma ya tembe yake pale Miyuji, walijipanga kwa nidhamu iliyowashinda hata askari wa Wadachi, wakainamisha vichwa, wakanywa. Mkewe, Bi Swaumu, aliwatazama asubuhi kadhaa, kisha akamweleza mumewe.

"Baba Kuluthumu, wewe ni mtamu."

Akida alifurahi. Hakuwa ameambiwa hivyo tangu harusi.

"Mtamu kama mzinga," mkewe aliendelea. "Nenda kwa daktari."

Daktari Mdachi alimdunga nyayo kwa sindano. Akida hakusikia maumivu yoyote, akajipongeza moyoni kwa ushujaa. Daktari hakumpongeza.

"Huu ni ugonjwa wa sukari," alisema. "Dawa yake huna haja ya kuinunua. Kila siku utatembea kwa miguu yako mwenyewe mpaka jasho likutoke. Utakula ugali wa uwele, mlenda na kunde. Asali, togwa na samli, mwisho leo. Ukikaidi nitakata kidole, halafu mguu, na kitakachobaki kitajimaliza chenyewe."

Akida alirudi nyumbani akiwa amebebwa kwenye machela na wapagazi wake wawili, kama kawaida, akilia taratibu ndani ya pazia lake.

Lazima msomaji aelewe shida yake. Mwaka ule, reli ikiwa ndiyo kwanza imefika Dodoma, kila mtu alijua kwamba Wadachi wakimwachisha akida kazi, kitu cha kwanza kumnyang'anya ni machela. Basi akida anayetembea ni akida aliyefukuzwa. Aliyemtangulia Halfani, bwana mmoja aitwaye Mustapha, alishuka siku moja tu ili awakimbie nyuki. Kufika mchana watu walikuwa wamekwisha kuacha kumwamkia, na jioni mzee mmoja alikuja kudai mbuzi wake.

"Nikitembea nitapoteza cheo," Halfani alimwambia mkewe. "Nisipotembea nitapoteza mguu. Sijui kipi kitaniuma zaidi."

"Mguu," alisema Bi Swaumu. "Cheo hakina kucha."

Akachukua kisu cha jikoni, akaiendea machela. Ilikuwa ya fito mbili ndefu, kiti cha kamba katikati, na pazia jekundu lililoizunguka mpaka karibu na ardhi. Akakata kamba zote. Kiti kikaanguka. Akabaki na pazia linaloning'inia kwenye fito, bila kitako.

"Utaingia humo utembee," alisema. "Sila atashika mbele, Yotham nyuma. Nani atajua?"

Wapagazi wale wawili, Wagogo wenye mabega kama nguzo za tembe, walipoelezwa walitazamana.

"Kwa hiyo, Bwana Akida," Sila aliuliza kwa adabu kubwa, "sisi tutabeba nini?"

"Heshima," alijibu Akida.

"Haya. Ni nyepesi kuliko wewe."

Safari ya kwanza Akida alihema kama ng'ombe aliyekwama kwenye tope, na mara tatu Yotham alimkanyaga kisigino. Walipopita karibu na shamba la Bibi Anyesi, aliyekuwa akipalilia karanga, bibi huyo aliinama kuamkia, macho yake yakawa sawa na upindo wa pazia. Akaona miguu ya Sila, miguu ya Yotham, na katikati miguu mingine, minene, ikienda kwa taabu.

"Machela imeota miguu," alitangaza.

Watu hawakushangaa sana. Wadachi walikuwa wameleta nyumba za chuma zinazokimbia juu ya magurudumu. Machela yenye miguu yake ilikuwa jambo dogo. Heshima ya Halfani ilipanda maradufu. Akida gani mwingine alikuwa na machela iliyo hai?

Lakini sisimizi hawakupungua. Kila asubuhi Bi Swaumu alikwenda kuwakagua, akarudi amekunja uso.

"Unatembea vizuri, Baba Kuluthumu. Tatizo ni mdomo."

Alisema kweli. Kila kijiji Akida alichokwenda kusikiliza kesi, wenyeji walimpa asali, togwa tamu, wali unaoelea kwenye samli, na kuku. Kuku alichinjwa na Akida mwenyewe, kwa sababu ya dini, na hiyo ndiyo kazi pekee ambayo mikono yake iliifahamu. Kukataa chakula kulikuwa kumtukana mwenyeji. Halfani alikuwa mtu mwenye adabu, basi alikula kwa adabu, akalamba vidole kwa adabu. Kidole kimoja cha mguu kikaanza kuwa cheusi.

Siku waliyokwenda Zuzu kwa Jumbe Seth, Sila alitumbukia kwenye shimo la muhanga. Kifundo kikavimba kama kibuyu.

"Turudi," alisema Yotham.

"Watu wameita baraza," alisema Akida kutoka ndani ya pazia. "Nisipofika watasema nimefukuzwa."

"Basi nani atabeba mbele?"

 Akida alitazama kidole chake cheusi, akatazama njia, akatoka. Alivua kanzu na kilemba akampa Sila, naye akajifunga shuka ya Sila. Sila akaingia ndani ya pazia, akawa anarukaruka kwa mguu mmoja. Halfani akajitwisha fito mabegani.

"Pole pole, mpagazi," Sila alisema mle ndani. "Unamtikisa Bwana Akida."

"Sila, nitakuchapa."

"Utanichapaje, na mikono imeshika fito?"

Zuzu waliamkia pazia. Sila, ambaye hakuwahi kuamua kesi maishani mwake, alisikiliza ugomvi wa mpaka wa shamba, akakohoa kwa uzito, akasema kila mmoja alime alipolima mwaka jana na anyamaze. Watu walipiga vigelegele. Bwana Akida hajawahi kuamua haraka hivyo. Kisha asali, wali na samli vilipitishwa chini ya pazia, vyombo vikatoka vitupu. Wapagazi wawili walipelekwa uani, wakawekewa ugali wa uwele na mlenda.

Halfani alikula. Hakuna aliyemsihi aongeze.

Asubuhi ya pili Bi Swaumu alirudi kutoka nyuma ya tembe akiwa na uso wa mtu aliyeletewa mahari.

"Wamekuja wachache, tena wamekasirika."

Kifundo cha Sila kilipona upesi, lakini hakuna aliyekitaja. Sila alisema bado anakisikia kwa mbali, hasa panaponukia samli. Halfani akaendelea kubeba, kitambi kikayeyuka, kidole kikarudi rangi yake, na ilipofika mavuno hapakuwa na sisimizi hata mmoja nyuma ya tembe yake.

Walikuwa wamehamia nyuma ya tembe ya Sila.

Walimpeleka kwa daktari wote pamoja. Daktari aliona kanzu, kilemba na kitambi, akachukua sindano.

"Bwana Akida, nilikuambia utembee, nawe hukusikia." Akamnyooshea kidole Halfani aliyesimama mlangoni na shuka yake. "Mtazame mpagazi wako. Huyu ndiye mwenye afya. Mguu huu wako nitaukata."

Sila aligeuka mara moja. "Bwana, mimi si akida. Akida ni yeye."

Macho yote yakamwangukia Halfani. Ilikuwa nafasi yake ya kurudi ndani ya pazia, kwenye asali na salamu. Akatazama vidole vyake vya mguu, vyote vikiwapo, vikisikia baridi ya sakafu.

"Bwana Akida ana homa, anapayuka," alisema kwa upole. "Tutamtembeza kwanza, kabla hujakata."

Njiani Sila alikataa katakata kuingia kwenye pazia, akashika ufito mmoja wa mbele, Halfani akashika wa pili, Yotham akabaki nyuma. Wakaenda hivyo, watu watatu wakibeba pazia lisilo na mtu.

"Sasa nani atajibu salamu?" aliuliza Yotham.

Kabla hajajibiwa, Anyesi alisimama pembeni mwa njia. "Mbukwenyi, Bwana Akida," aliamkia kwa Kigogo. Upepo wa Dodoma, ambao haujawahi kumwamkia mtu, ukalitupa pazia juu ya fito. Ndani hapakuwa na kitu ila vumbi na nyuma yake kichaka.

 Anyesi alitazama ule utupu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Masikini," alisema. "Dawa za Wadachi kali. Amekonda mpaka hivi?"

"Ndiyo, bibi," alisema Halfani, akitweta kidogo chini ya ufito. "Lakini anaendelea vizuri."