Waya wa Sita

Mashine iliandika mstari mmoja, ikanyamaza. Karatasi ilining'inia mdomoni mwa printa, na maneno yake yalikuwa haya tu: mwito usiojulikana, kiini kimesimama. Ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi, Jumanne. Jana yake ilikuwa imesimama saa nane mchana, na juzi yake mara mbili. Nilikunja mikono nikaitazama kwa ile hasira niliyokuwa nayo siku zile kwa kila kitu kisichonitii.

Huo ulikuwa mwaka 1986, katika mgodi wa dhahabu wa Nyakabimbi, magharibi ya Geita. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, cheti cha miaka mitatu ya masomo Ulaya, na kichwa kikubwa. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanionea huruma mahali ambapo sistahili.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya msaada, imekwisha kuchoka huko ilikotoka kabla ya kuletwa kwetu, na ukubwa wake ulikuwa wa makabati mawili ya nguo. Kazi yake ilikuwa moja, kuchunga maji. Katika kila shimo la mgodi ule paliteremshwa boya. Maji yakipanda au kushuka, boya lilipeleka mwito kwenye mashine kwa waya wake, na mashine ikaandika jina la shimo na kimo cha maji. Hali ikiwa mbaya ikapiga king'ora. Watu mia moja na themanini walishuka chini kila asubuhi. Kabla ya mashine, kinga yao ilikuwa mtu mmoja mwenye kamba na kurunzi.

Mashine ya namna ile haijui imeunganishwa na nini mpaka uiambie. Ndani kabisa ya programu zake mna kiini, na kiini hicho hukijengi mpaka uwe na orodha: diski ni hii na anwani yake hii, printa ni ile, boya la kwanza liko hapa, la pili pale. Ukimaliza orodha unakijenga upya, kazi iliyoichukua mashine yetu saa nne nzima, tena kwa kubana, maana kumbukumbu yake ilikuwa finyu na kila kisichohitajika kilipaswa kubaki nje. Kilichomo kwenye orodha kipo. Kisichomo hakipo, na kikipiga hodi, kiini hushtuka na kusimama.

Mchoro wa nyaya ulikuwa umeliwa na mchwa, na mafundi wa kigeni waliozitandaza walikwisha rudi kwao. Kwa hiyo orodha ya mashimo niliipata kwa Mzee Jilala, msimamizi wa kazi za chini, mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama kwa kuishi chini ya miamba mifupi. Mashimo hayakuwa na namba. Kila moja liliitwa jina la mtu aliyevunja jiwe la kwanza pale.

"Shikamoo, Baba Zipora," nilimwamkia siku ile kwa jina la bintiye.

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka," aliongeza salamu ya asubuhi ya Kisukuma.

"Nitajie mashimo yote, nami niandike."

Alihesabu kwa vidole. "Kwa Luhende. Kwa Shija. Kwa Ng'wandu. Kwa Masele. Kwa Nkwabi."

"Ndiyo yote?"

"Ndiyo ninayokutajia."

Nikaandika matano. Nyaya zilizoingia kwenye sanduku zilikuwa sita, zimefungwa pamoja katika plagi moja, na niliuona vizuri ule wa sita. Nikasema moyoni kwamba ni wa akiba. Mimi ni mzaliwa wa mjini, Kambarage ya Shinyanga, Kisukuma changu ni cha kununulia nyanya sokoni. Lakini jibu la Mzee Jilala lilikuwa la Kiswahili, na Kiswahili nilikijua. Sikumsikiliza tu.

Mashine ilipoanza kusimama-simama, niligundua kwamba mwito usiojulikana ulitoka kwenye waya ule. Nikaamua kwamba unanasa kelele za jenereta. Kuukata sikuthubutu, maana plagi ilikuwa moja na vipuri havikuwapo. Na hapo meneja, Bwana Donatus, alikuwa anaingia ofisini kwangu kila saa na suti yake ya Kaunda iliyonyooshwa pasi, akifuta jasho.

"Mwanaima, wakubwa wanakuja Jumamosi. Itawazimikia mbele yao?"

"Haitazimika tena," nilimwambia.

Nikaandika kipande kidogo cha programu, mistari sita, kazi yake kuupokea mwito wa waya wa sita na kuutupa. Kwa mazoea ya darasani nikaongeza kihesabio cha kuonyesha ni mara ngapi umetupwa. Nikakijenga kiini upya. Jumamosi wakubwa walikuja, wakapiga makofi, nami nikatia saini hati ya makabidhiano kwamba kila boya la mgodi linasomwa. Bwana Donatus alinipa kreti nzima ya soda, nyakati ambazo soda ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi.

Mashine ilikwenda siku tisa bila kukohoa. Siku ya kumi, nikifunga mizigo yangu, nilikitazama kile kihesabio. Siku ya kwanza nilikuwa nimetupa miito minne. Ya pili sita. Kisha tisa, kumi na tano, ishirini na miwili. Siku iliyotangulia nilikuwa nimetupa themanini na saba. Kelele za jenereta hazina mpangilio, leo nyingi, kesho hamna. Hesabu hizi zilikuwa zinapanda kila siku.

Nikatoka nikaufuata waya. Ulipita nyuma ya karakana, ukavuka njia ya magari, ukaingia katika ua wa minyaa uliofungamana. Kwa wiki kumi nilikuwa nimewaona wafanyakazi wakiuzunguka ua ule badala ya kukatiza, nami nikadhani wanaogopa nyoka. Nikajipenyeza. Ndani palikuwa na kifuniko cha zege kilichoota majani pembeni, na waya uliingia chini yake.

Mzee Jilala nilimkuta kwa mhunzi, amepanda kutoka chini ya mgodi kunoa tindo.

"Baba Zipora, ndani ya minyaa kuna nini?"

Aliendelea kunoa. "Kuna minyaa."

"Kuna waya unaoshuka chini."

Akaigeuza tindo upande wa pili.

"Waya huo unaita kila siku zaidi ya jana. Nami niliuziba mdomo, kwa mkono wangu huu. Kama pale kuna shimo, basi lina maji, na maji yanapanda. Shimo gani liko jirani nalo?"

Mkono wake ukasimama. "Kwa Shija," alisema. "Ukuta wa mita mbili."

"Wako wangapi mle leo?"

"Arobaini na mmoja."

Akaiweka tindo chini, akaondoka bila kunitazama. Alishuka akawatoa watu wote wa Kwa Shija, akimwambia meneja kwamba kuna hewa mbaya. Aliporudi kwangu alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Hewa mbaya inanipa mpaka kesho asubuhi," alisema. "Kesho Donatus atawarudisha. Bila karatasi hatasikia, na karatasi uliyompa wewe inasema hakuna neno."

"Basi niambie habari za shimo lile. Boya liko mita ngapi kutoka mdomoni? Nikijua hilo, mashine itampa karatasi nyingine."

Ndipo aliponieleza, akiangalia ardhi. Miaka mitano nyuma paa la shimo lile lilianguka juu ya watu saba, na wote saba walibaki chini. Mmoja alikuwa kaka yake, na shimo lilikuwa na jina la huyo kaka, kwa kuwa ndiye aliyelianza. Hapo mgodini, mtu aliyebaki chini hatajwi, wala shimo lake halihesabiwi. Ukimtaja umemwita, naye hana njia ya kutoka, utamsumbua bure. Mpaka mke wake aanze kumtaja ndipo wengine wanapofunguliwa.

"Na mke wake?"

"Hajamtaja."

"Lakini boya lilishuka!"

"Wageni walisema mashimo yote. Nililiteremsha mimi, kimya. Uliponiuliza, mwanangu, ulimi ulikataa."

Nilitaka kumkaripia. Maneno yalikuwa tayari, makali, ya msomi. Kisha nikakumbuka mistari yangu sita. Mzee huyu alinyamaza kwa sababu ya msiba. Mimi nilinyamazisha kwa sababu nilitaka makofi ya Jumamosi. Aibu niliyoisikia pale sijaisikia tena maishani, na sina hamu nayo.

Mke huyo, Mbuke, ambaye wote walimwita Mama Mihayo, alikaa mwendo wa dakika kumi kutoka lango la mgodi. Tulimkuta akikata viazi vya michembe na kuvianika juu ya mwamba. Mzee Jilala alichuchumaa mbali kidogo, kofia mkononi.

"Shemeji," alisema, na hapo hapo akakwama.

"Mmekuja na sura gani hizo?" mama aliuliza. "Nani amekufa?"

"Bado, mama," nilisema. "Ndiyo sababu tumekuja."

Nikamweleza kila kitu, pamoja na mistari yangu sita. Alisikiliza huku kisu kikiendelea kukata vipande vyembamba, vyote sawa.

"Hiyo mashine yako inamjua aliyemo mle?"

"Haimjui. Inajua maji tu."

"Na ukimwandika, itamtaja?"

"Kila maji yanapotikisika. Itaandika jina lake kwenye karatasi."

"Hata mimi nikiwa nimelala?"

"Hata ukiwa umelala."

Aliweka kisu juu ya mwamba. "Miaka mitano nimemweka hapa," alisema, akagusa koo lake. "Ninakula naye, ninakohoa naye. Watoto wake wakimuuliza, nawapeleka kuchota maji." Akamtazama shemeji yake, kisha upande wa minyaa. Hakupaza sauti. "Maganga," akasema. "Maganga, mume wangu."

Mzee Jilala alijifunika uso kwa kofia. Alipoishusha, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kubeba mzigo mrefu.

"Maganga," alisema. "Boya liko mita thelathini na nne kutoka mdomoni. Sakafu ya Kwa Shija ni mita arobaini na tatu."

Nilirudi mbio. Kumbukumbu ya mashine ilikuwa imejaa, hapakuwa na nafasi ya boya la sita, basi nikaufuta mchezo wa drafti nilioupachika humo kwa burudani yangu. Niliifuta mistari yangu sita. Nikaandika anwani ya waya, kimo, na jina. Kisha nikakaa saa nne nikiisikiliza diski ikizunguka, bila kuwa na la kufanya, nikiomba kwa aya zote alizonifundisha bibi yangu.

Jua likizama kiini kipya kiliamka. Kikaorodhesha vyote kinavyovijua, kimoja kimoja, na cha mwisho kikawa Kwa Maganga. Haikupita dakika, printa ikaanza kugonga. Bwana Donatus aliichukua karatasi, akasoma kwa sauti, kwa kuwa yeye alitoka kwingine na mambo yale hayakumhusu.

"Kwa Maganga. Maji yako mita tisa juu ya sakafu ya Kwa Shija." Akasoma tena, polepole. Mafundi waliokuwa wamesimama mlangoni walivua kofia zao ngumu. Aliwaangalia, akaniangalia mimi, na nadhani alikuwa anaikumbuka ile hati, saini yangu juu na yake chini.

"Kwa Shija pafungwe," alisema. "Asishuke mtu."

Ukuta ulipasuka Alhamisi, saa sita mchana. Shimo la Kwa Shija lilijaa kwa muda ambao mtu angesonga sufuria moja ya ugali. Tulisimama juu tukausikia mngurumo chini ya nyayo zetu, na wale arobaini na mmoja walikuwa nasi wakiusikia. Hapakuwa na shangwe. Mmoja wao alikaa chini katikati ya njia, akakataa kuinuka.

Asubuhi ya Ijumaa mlango wa ofisi yangu ulibishwa. Mama Mihayo aliingia, amejifunga kitenge kipya, na nyuma yake wanawake wengine sita. Walisimama wakiitazama mashine, hawakuigusa.

"Jina lake liko wapi?" aliuliza.

Nikamwonyesha. Hakujua kusoma, hivyo akaweka kidole juu ya mstari na kukipitisha taratibu mpaka mwisho wa herufi.

"Tunaiomba karatasi hii," alisema. "Hatukuwahi kuwa na kitu cha kuzika."

Nikachukua rula, nikaikata juu na chini ya mstari, kwa uangalifu isije ikachanika. Akaipokea kwa mikono miwili, akageuka akampa mwanamke aliyekuwa mdogo kuliko wote, kisha akanirudia.

"Tuko saba," alisema. "Shimo lile ni la wote."

"Naweza kuichapa mara sita sasa hivi, mama. Ni kubonyeza tu."

Alitikisa kichwa. "Acha walio chini waseme wenyewe."

Chini ya minyaa maji yalikuwa bado yanatafuta mahali pa kutulia, mara yanashuka, mara yanapanda. Wale wanawake wakakaa sakafuni kuingoja printa, wamejipanga ukutani, miguu wameinyoosha. Nikazima feni ili isiwasumbue, nikakisogeza kiti changu pembeni, nikakaa nao chini.