Godoro Lililofungwa Nailoni

Umemwona anavyoamka. Usiniambie hukumwona. Anashika ukingo wa kitanda kwa mkono mmoja, wa pili anausukumiza kiunoni kama anayezuia mlango usifunguke, na kabla hajasimama wima anavuta pumzi tatu fupi fupi. Ulikuwa mlangoni. Ukageuza uso ukaenda kutazama kama maji ya chai yamechemka, na maji hayakuwa yametiwa hata birikani.

Wewe unaye wako. Mimi Widad namsema dada yangu, Insaf. Alisimama miaka thelathini na minne katika ukumbi wa kuchambulia pamba, kiwandani, hapa mjini kwetu katika Delta ya Nile, ambako vumbi jeupe lilitua juu ya kope za wasichana hata ukadhani wote ni vikongwe. Nakumbuka wasimamizi watatu waliotuambia, mmoja baada ya mwingine, kwamba barakoa zimeagizwa. Nakumbuka rangi ya shati la yule wa mwisho. Barakoa hazijafika mpaka leo. Kilichofika ni kikohozi, na mgongo uliopinda kama kulabu.

Daktari Nazik wa mji wa Tanta aliitundika picha ya mgongo huo mbele ya taa, akasema na mimi badala ya kusema na yeye.

"Pingili mbili zinasagana. Alale kitandani, juu ya kitu kinachomshika kiuno na kupitisha hewa. Joto na jasho vinamzidishia kikohozi, na kikohozi kinamvunja mgongo. Aache kabisa kulala kitini. Nitamwona baada ya wiki sita. Kama hakuna nafuu itabidi kupasua." Akashusha sauti. "Na kwa mapafu haya, akipewa nusukaputi, siwezi kukuahidi kwamba atazinduka."

Kulala kitini. Niliyasikia maneno hayo kama mtu anayesomewa barua ya jirani. Dada yangu anakaa ghorofa ya chini, mimi juu yake. Miaka miwili alikuwa akisinzia katika kiti cha marehemu mumewe. Mto niliuona juu ya kile kiti, tena si mara moja. Nilidhani ni wa kuegemea.

Godoro lake lilikuwa la arusi yake. Lilishonwa darini kwa baba, mpiga pamba akiuvumisha upinde wake kama mzinga wa nyuki, wanawake wakipiga vigelegele na kumrushia peremende. Godoro la namna hiyo hufumuliwa kila baada ya miaka michache, pamba ikapigwa upya ikafura. La Insaf lilikaa miaka ishirini bila kufumuliwa, kwani nani angethubutu kutimua pamba katika nyumba ya mwenye kifua kile? Likawa bapa kama mkate uliokaliwa.

Basi tukatoka kutafuta jingine. Nimesimama mbele ya mkuu wa polisi, siku za mgomo wa kiwanda, na sikutetemeka. Lakini kumchagulia mtu mahali pa kulaza mgongo wake, ukijua kwamba ukikosea atalazwa juu ya meza ya upasuaji, ni jambo lililonifanya nisahau hata njia ya kwenda sokoni.

Duka la kwanza lilikuwa lile la vioo, karibu na stesheni. Muuzaji, bwana mmoja aitwaye Shauki, alipiga kofi juu ya godoro jeupe.

"Hili la kitabibu, hajati. Mawaziri wanalalia hili."

"Ndiyo maana hawaamki," nikasema. "Ndani mna nini?"

"Springi na pamba asilia."

"Fungua nione."

"Nailoni haikatwi dukani. Na ukiikata nyumbani, halirudi."

"Kwa hiyo nitajua nimenunua nini siku ambayo siwezi tena kulirudisha."

"Mwamini Mungu, mama yangu."

"Mungu namwamini. Wewe ndiye ninayekuomba ufungue."

Hakufungua. Nilikandamiza kiganja juu ya nailoni, nikahesabu mpaka thelathini. Nilipokiondoa, alama ya vidole ilibaki pale ikijaa taratibu, kama mguu uliovimba maji ukibonyezwa, na kiganja changu kilikuwa kimelowa jasho. Sponji. Nyuma yangu Insaf alikuwa amejiziba pua kwa ncha ya ushungi. Harufu ya gundi ilikuwa imeshamfika kifuani.

"Twende nyumbani," alisema. "Kiti changu kinanitosha."

Niliyasikia maneno hayo pia. Nikayachukulia kuwa ni uchovu.

Karakana ya Ami Wanis, ami wa mtaa mzima, iko karibu na kivuko cha reli, baina ya tanuri la mkate na mkahawa ambao wanaume hukaa kutwa wakicheza tavla. Alikuwa mpiga pamba zamani. Upinde wake sasa umetundikwa ukutani. Siku hizi anashona magodoro ya springi, na ana desturi moja inayowachekesha wenzake: ubavu mmoja wa kila godoro haushoni mpaka mnunuzi atazame ndani kwa macho yake.

"Tia mkono, Widad. Wewe si ndiye uliyekuwa ukitaka kufunguliwa madaftari ya kiwanda? Haya, hili liko wazi."

Nikatia mkono. Kila springi ilikuwa imeshonewa kifuko chake cha kitambaa, zimepangwa kama mayai katika trei. Juu yake pamba iliyoshindiliwa ikashikwa kwa uzi, isitoe hata unyoya. Juu ya pamba sufu ya kondoo iliyooshwa.

"Bonyeza moja," akasema. "Umeona? Jirani yake hana habari."

"Kiwandani tungeita huo usaliti, Ami."

"Kiwandani ni usaliti. Godoroni ni rehema. Bega likizama, kiuno kisivutwe nalo." Akanionyesha vitundu vya hewa vilivyopigwa ringi za shaba ubavuni. "Na hapa ndipo linapopumulia. Puliza."

Nilipiga magoti nikapuliza katika kitundu. Insaf akainama polepole, akaweka kiganja kwenye kitundu cha jirani. Akakaa hivyo kidogo, kisha akanitazama.

"Inafika," alisema.

"Sasa alale," akasema Ami Wanis. "Godoro halichaguliwi kwa mkono."

"Nilale hapa?" Insaf alitazama mkahawa. Wacheza tavla walikuwa wameshainua vichwa. "Nina miaka sitini na mitatu, Wanis. Nijilaze barabarani kama paka?"

Hakuwa anatania. Mwanamke wa rika lake, kwetu, halali mbele ya wanaume hata akizimia. Wenzake watamshika asimame. Nikavuta shuka kutoka kwenye rafu ya Ami Wanis, nikawaita wanawake waliokuwa kwenye foleni ya mkate. Wanne wakaja. Mmoja alikuwa Tahiya, wa ukumbi wa kufuma kiwandani, mwenye kifua kama cha dada yangu.

"Kama siku za mgomo?" aliuliza akishika pembe.

"Kama siku za mgomo."

Siku zile tulikuwa tumekalia kiwanda wiki nzima. Mchana tulitundika vitambaa katikati ya ghala, na nyuma yake wanawake wakajinyoosha kwa zamu juu ya marobota ya pamba.

Godoro la kwanza lilikuwa gumu: kiganja changu kilipita chini ya kiuno chake kama barua chini ya mlango. "Hilo hapana," alisema Ami Wanis kutoka ng'ambo ya shuka, nilipomweleza. "La pili. Kiganja kiingie kwa kubisha hodi." Katika la pili kiliingia kwa kubisha hodi. Bega la Insaf likazama, nyonga ikazama, kiuno kikabaki kimeshikwa.

Alifumba macho. "Marobota," alisema. Kikohozi kikakatika hata nikaingiwa na hofu, nikasogeza sikio mdomoni pake. Alikuwa amelala. Mkate ukatoka, ukauzwa, ukaisha. Wale wanawake walibadilisha mkono, wala hakuna aliyeshusha pembe yake.

Godoro lilipelekwa nyumbani Jumanne, limefungwa nailoni kwa ajili ya vumbi la njiani, na Ami Wanis alimwagiza mchukuzi aseme: livuliwe leo hii hii. Sikuwapo. Nilikuwa mbele ya ofisi ya pensheni na wastaafu mia na kumi, kila mmoja ameshika picha ya mapafu yake, tukidai haki ya vumbi. Nilipaza sauti mpaka ikakauka. Na kila asubuhi, nikiteremka ngazi, nilisimama mlangoni kwa Insaf.

"Umelalaje?"

"Alhamdulillahi."

Nami nikawa nimeshafika ngazi ya tatu.

Wiki ya nne ikaingia namna hiyo. Alhamdulillahi ni neno linaloweza kubeba chochote. Nimelisikia kwa mwenye arusi na kwa aliyetoka kuzika. Nililipokea kila siku bila kulifungua nitazame ndani, mimi niliyemtukana Shauki moyoni kwa jambo hilo hilo.

Ijumaa moja, baada ya sala ya adhuhuri, nikateremka na bakuli la mchuzi wa mlokhia. Mlango ulikuwa wazi. Nikamsikia akikohoa, kisha nikasikia mchakacho, kama mtu anayekunja mfuko wa dukani. Insaf alikuwa amepiga goti moja kando ya kitanda, anafuta godoro kwa kitambaa kibichi. Nailoni ilikuwa ingali juu yake, imekazwa, inang'aa, vitundu vyote vya hewa vimezibwa. Kwenye kiti palikuwa na mto, na katikati ya mto shimo la kichwa.

"Insaf. Unalala wapi?"

Hakugeuka. "Nililala juu yake siku tatu. Jasho likanitoka kama nimo hamamu, kikohozi kikanizidi. Nikaona bora nisilichafue."

"Ni nailoni hiyo. Linatakiwa kupumua, ulipuliza mwenyewe."

"Najua." Aliendelea kufuta. "Mayada anaolewa baada ya Idi. Mama yake hana la kupeleka. Vyombo vya bibi arusi vitapakiwa garini mtaa mzima ukitazama, na mjukuu wangu hatapeleka kitanda kitupu. Nailoni ikikatwa si jipya tena."

"Daktari amesema wiki sita. Zimebaki mbili. Watakupasua, na usipozinduka?"

"Mayada atakuwa na godoro."

Nilianza kusema. Unajua ninavyosema nikianza: kiwanda, wasimamizi, wanawake waliofunzwa kujinyima mpaka wakaona kujinyima ndiyo heshima. Kila neno lilikuwa kweli. Aliniacha nimalize, akakaa kitini mwake, akasubiri pumzi imrudie.

"Widad, wewe unawapenda watu wakiwa mia. Mmoja humwoni. Miaka miwili mto huu uko hapa. Umeniuliza lini?"

Bakuli lilikuwa lingali mikononi mwangu. Nikatafuta pa kuliweka. Nyumba ile nimeingia tangu ujana wangu, na sikujua meza ndogo iko upande gani.

Wewe niliyekusuta mwanzoni, sogea. Tukae benchi moja.

Nikakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda. Nikamuuliza maumivu yanaanzia wapi. Akanionyesha. Nikamuuliza akilala ubavu upi hukohoa kidogo. Nikamuuliza alipolala kwa Ami Wanis, nyuma ya shuka, aliota nini. Alicheka kidogo, akakohoa, akasema hakuota, na kwamba ndicho kilichokuwa kitamu. Chai tuliyoinywa ilikuwa imeshapoa. Sijui tulikaa muda gani. Najua tu kwamba sikutazama saa, na kwamba wastaafu walikuwa na mkutano alasiri ile wakaufanya bila mimi.

Kisha nikaleta mkasi wa jikoni. Sikukata. Nikauweka mapajani mwake.

"Mayada ataambiwa nini?" aliuliza.

"Ataambiwa bibi yake alililalia."

Aliugeuza mkasi mara mbili tatu. Akainuka: mkono ukingoni, mkono kiunoni, pumzi fupi tatu. Safari hii niliziona zote.

"Upande wangu tu," alisema. "Wa ukutani ubaki."

"Ubaki."

Akachomeka ncha ya mkasi kwenye pembe ya miguuni, akakata shubiri moja, akasimama kupumzika, akakata nyingine. Ndani mkatoka pumzi ndefu yenye harufu ya sufu na jua. Alipofika katikati akaikunjua nailoni kuelekea ukutani, akaikunja vizuri, kama mtu anayekunja nguo ya mgeni. Akajilaza kwa ubavu. Nikatia kiganja chini ya kiuno chake. Kikabisha hodi, kikaingia. Nimekiacha humo, mkono unakufa ganzi, naisikiliza pumzi moja nikingoja ya pili.

Zimebaki siku kumi na nne. Sijui zitatosha.

Wako je, anazo ngapi? Usiniambie utamuuliza kesho asubuhi. Kesho atakujibu alhamdulillahi. Weka chini karatasi hii. Nenda chumbani kwake, inua shuka, tia mkono chini yake uone kuna nini. Ukisikia nailoni ikichakacha, mkasi uko jikoni kwako, kwenye droo uliyoifungua leo ukitafuta kijiko. Nyanyuka.