Visigino Visivyogusa Chini

"Usijinyooshe," mkaguzi wa bima alisema. "Kaa kama unavyokaa siku zote."

Kisoda alikaa kama alivyokaa siku zote. Pikipiki ilikuwa imezimwa, kilo mia tatu na ushei za chuma, imesimama wima katikati ya mapaja yake. Mkaguzi alipiga goti kwenye saruji ya karakana, akapitisha futikamba chini ya kisigino cha kulia, akasoma, akahamia cha kushoto.

"Sentimita nne," alimwambia meneja. "Kote kote."

"Vidole vinagusa," Kisoda alisema.

"Vidole naviona. Fomu inataka visigino."

Kisoda alikuwa ametimiza miaka kumi na mmoja katika karakana ile. Kampuni ilisindikiza misafara ya harusi, ya wageni wakubwa, ya mazishi ya watu wenye uwezo, na yeye aliajiriwa kuosha pikipiki zake. Jina la Kisoda walimpa siku ya kwanza, kwa ufupi wake, naye akalipokea kwa kicheko kwa kuwa alikuwa na shida ya kazi. Lakini huwezi kuosha pikipiki bila kuihamisha, na huwezi kuihamisha kila siku bila kuijua. Mwaka wa tatu alikuwa anazipanga zote peke yake, kumi na mbili, kwenye banda ambalo madereva wenyewe waliogopa kugeuzia.

Asubuhi hiyo ya majaribio nafasi ya udereva ilikuwa moja na watu wawili. Wa pili alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana mrefu anayeinama kila mlango. Kisoda mwenyewe ndiye aliyemleta. Mkewe alikuwa amesema, "Baba Mapacha, nenda naye na yeye ajaribu bahati," na kwa sababu alijua hakuna wa kumshinda, alikubali bila kinyongo.

Kisoda alipita katikati ya koni kwa mwendo wa mtu anayetoka msibani. Klachi aliishika kwa vidole viwili, breki ya nyuma aliibonyeza kidogo tu, macho yakawa kule anakokwenda na siyo kwenye tairi. Kila aliposimama alisogeza kiuno upande mmoja, akateremsha mguu wa kushoto, unyayo mzima ukalala chini. Hakugusa koni hata moja. Madereva waliokuwa wanakunywa chai waliweka vikombe chini kumtazama.

Shemeji aliangusha koni tatu. Kwenye kona ya mwisho injini ikamzimikia, pikipiki ikaanza kulala ubavu, naye akaizuia kwa miguu yake miwili, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka akaisimamisha. Mkaguzi akaandika kitu, uso umemchangamka.

Baadaye meneja alimwita Kisoda pembeni, karibu na pipa la oili chafu.

"Hizi mashine unazijua kuliko sisi sote. Hakuna anayebisha."

"Sasa?"

"Sasa mteja akilipia msafara anataka kuona mtu juu ya pikipiki. Na bima wana fomu yao. Shemeji yako ana mwili wa kazi, ufundi hana. Una wiki mbili, mfundishe."

Nyumbani mkewe alikuwa ameshapata habari. Alimpakulia, akakaa mkabala naye, akawa anaokota punje za wali zilizodondoka mezani.

"Angalau nafasi imebaki kwetu," alisema.

"Imebaki," Kisoda alijibu, akaomba maji.

Kufundisha hakukuwa kazi. Kijana alikuwa na adabu, alimwita mwalimu mbele za watu, alirudia zoezi mpaka mikono ikamtetemeka. Kisoda alimpa klachi, akampa macho, akampa kugeuza mahali finyu huku usukani umekatwa mpaka mwisho. Kilibaki kitu kimoja. Yeye alikijua tangu mwaka wake wa pili: pikipiki ikishapita mahali pa kurudi, unaiacha. Unatoa mguu, unaruka pembeni, chuma kinaanguka na wewe unabaki mzima. Mtu mfupi hahitaji kuambiwa, kwa sababu hana miguu ya kubishana nayo. Mrefu lazima aambiwe.

Kila jioni alijiambia atasema kesho.

Siku ya mwisho kijana aliingia kwenye kokoto, pikipiki ikamlalia, akaikamata kwa goti na paja, akaguna, akairudisha. Akacheka, jasho linamtiririka.

"Umeona, shemeji? Miguu hii siyo ya mapambo."

Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni mwa Kisoda. Aliyasikia kabisa jinsi yatakavyotoka.

"Nimeona," alisema, akaenda kunawa mikono.

Jumamosi ya tatu ya kijana kazini, msafara wa harusi ulikuwa unakata kona kwenye makutano yenye mchanga. Dereva wa gari la maharusi ndiye aliyesimulia. Mwendo ulikuwa mdogo sana, alisema, hata mtoto angeweza kukimbia sambamba nao. Pikipiki ikainama, kijana akatanua mguu kuizuia, ikakataa, naye hakuiachia. Mguu ulivunjika chini ya goti, mahali pawili.

Kisoda alitumwa kuichukua pikipiki. Aliikuta imelala kando ya barabara, watu wameizunguka, kila mmoja na ushauri wake. Akaigeuzia mgongo, akachuchumaa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine chini ya siti, akatembea kinyumenyume hatua nne fupi. Ikasimama.

"Mwenye nayo yuko wapi?" mtu mmoja aliuliza.

Kisoda alipangusa mchanga kwenye siti. Alipanda na ovaroli lake la kuoshea, akaipeleka katikati ya mji, akasimama kwenye kila taa nyekundu kwa mguu mmoja. Hakuna aliyecheka. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameiwaza safari kama hii. Sasa akawa anasubiri moyo ushtuke kwa furaha, na moyo ulikaa tu, mzito kama mchanga uliolowa.

Meneja alikagua sailensa iliyochubuka.

"Jumatatu analetwa mwingine. Mrefu vilevile. Utamfundisha?"

"Huyo nitamfundisha yote."

"Kwani huyu hukumfundisha yote?" meneja aliuliza, anasugua mchubuko kwa kidole gumba. Alikuwa anauliza hivihivi tu.

Kisoda akamkabidhi funguo.

Wodini mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, karibu na kichwa cha mdogo wake. Kijana alitabasamu alipomwona shemeji yake.

"Nilikuwa namwambia dada hapa. Mwalimu hana kosa. Kosa ni langu."

"Pumzika kwanza," Kisoda alisema.

"Hapana, niambie. Ingekuwa wewe, pale, ungefanyaje?"

Kisoda alitazama plasta mbichi, nyeupe, iliyofika mpaka juu ya goti.

"Ningeiacha ianguke."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Tabasamu halikumtoka kijana mara moja. Lilikaa kidogo usoni, halina tena kazi. Mke wa Kisoda alimtazama mumewe, akamtazama mdogo wake, kisha akamrudia mumewe na kumkazia macho muda mrefu.

"Mfunike mguu," alisema mwishowe. "Ana baridi."

Kitanda kilikuwa kifupi. Mguu usiovunjika ulitokeza kwenye nondo za mwisho, na blanketi halikuufikia. Kisoda alilivuta, kifua cha mgonjwa kikabaki wazi, akalirudisha. Akavua sweta lake, akainama, akaushika ule unyayo mkubwa auviringishie. Ulikuwa wa baridi. Vidole vilijikunja kiganjani mwake, kisha mguu ukajivuta taratibu kuelekea chini ya blanketi, ukamwachia sweta mkononi.